Ndege Bila Rubani na Damu ya Mama
(Hotuba kwa vikundi vya maendeleo, Ndithini)

 

Sote twajua mvua ikinyesha njia zetu huwa namna gani. Gari hukwama, na mama aliyejifungua anazidi kutokwa na damu. Hawezi kungoja matope yakauke. Basi leo tunawaletea habari za mtafiti wa roboti, Keenan Wyrobek wa Marekani, kwa sababu kazi yake ilifika kwa jirani zetu wa Rwanda.

Akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na mwenzake Eric Berger waliona kila mtafiti wa roboti anaanza upya, kana kwamba hakuna aliyetangulia. Wakaanzisha programu iitwayo ROS, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Sisi watu wa mwethya twaielewa njia hiyo: jembe la mmoja huchimba matuta ya wote.

Mwaka 2014 alishiriki kuanzisha kampuni ya Zipline. Oktoba 2016 ndege zao zikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga, Rwanda. Hospitali inaagiza kwa simu. Ndege ndogo inarushwa kama jiwe la manati, inajiongoza yenyewe, inaangusha boksi kwa mwavuli, kisha inarudi.

Mbona damu? Damu ina makundi mbalimbali, tena huharibika. Hospitali ndogo haiwezi kuweka kila aina. Uchunguzi wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha ndege zilifikisha damu kwa dakika 50 hivi kwa wastani, na damu iliyopitwa na muda ikapungua kwa asilimia 67.

Lakini tusidanganyike, wapendwa. Roboti haitengenezi damu. Boksi lile hubeba tu kile ambacho mtu alinyoosha mkono akatoa. Mtu mzima mwenye afya, wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa. Hiyo ndiyo sehemu yetu, na haingojei ndege.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni wangapi kati yetu wanaojua kundi lao la damu?
2. Mama akitokwa na damu usiku wa mvua, nani ana gari, na pesa za dharura ziko wapi?
3. Tuna chombo gani cha mmoja kinachoweza kuwafaa wote?