KIVULI CHA MTI NA KAZI YA OFISI
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Mwembe na mkorosho si miti migeni kwa mtu wa Msimbu. Chini yake hupumzika mkulima atokaye palizini. Lakini katibu wa chama, ambaye kazi yake ni kuutumikia mkorosho huohuo, mara nyingi hushinda chumbani bila kuuona. Msimu ufikapo, mezani pake hurundikana stakabadhi, orodha za uzito na madai ya malipo. Ifikapo alasiri kichwa kimechoka, hasira i karibu, na tarakimu huanza kupotea. Hasara ya tarakimu hiyo humwangukia mwanachama.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilazwa penye dirisha lililotazama miti. Nusu walitazama ukuta wa matofali. Walioiona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba kotisoli, yaani kemikali ya mwili ambayo huongezeka mtu anapoelemewa, ilishuka kwa kasi kubwa zaidi katika dakika 20 hadi 30 za kukaa mahali penye uhai wa asili.

Rachel na Stephen Kaplan walitoa maelezo ya sababu. Kazi ya hesabu hudai akili ishikiliwe kwa nguvu, na nguvu hiyo huisha. Majani yanayotikisika na sauti za ndege huivuta akili polepole bila kuidai kitu, nayo hupata nafasi ya kujirudi.

Hata hivyo, kivuli hakilipi mshahara uliocheleweshwa, wala hakimpunguzii kazi mtu mmoja aliyebebeshwa kazi za watu watatu. Hayo ni wajibu wa Halmashauri ya chama. Tena, kulima juani si kupumzika: katibu aliyeamkia shambani kwake hufika ofisini akiwa amekwisha kuchoka.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Meza igeuzwe ielekee dirisha. Vikao vifupi vifanyiwe chini ya mti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtumishi afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Sehemu ya dakika hizo itumiwe nje, mbali na madaftari. Na pale ambapo kiwanja cha ofisi ni kitupu, wanachama wapande miti na kugawana zamu za kuimwagilia wakati wa kiangazi.

Wilaya ya Kisarawe inajua bei ya kupoteza miti. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliumizwa kwa miaka mingi na ukataji wa kuni na mkaa wa kuuzwa Dar es Salaam. Mti mmoja mlangoni pa chama haurudishi msitu. Lakini humrudishia katibu utulivu wake, na mwanachama akapimiwa na kuandikiwa haki yake.