GHALA LIMEJAA, SAHANI JE?

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa vijana wa skauti, mbele ya ghala la ushirika wetu, Igamba. Yameandikwa hapa ubaoni ili na ndugu waliokuwa shambani siku ile wapate kuyasoma.)



Tunawashukuru kwa kukaa kimya juani hivi mtusikilize. Mwalimu wenu wa skauti ametuomba tuseme machache juu ya chakula bora. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa jembe na wa kisomo cha watu wazima, herufi tumezikuta ukubwani. Lakini katika kisomo jambo la chakula ni la zamani. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa vikundi vikundi kwenye redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Na ni mwaka huo wa 1973 ilipotungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Kwa hiyo hatuwaletei mageni, tunawapokeza kazi ya wazee wenu.

Neno lenyewe ni hili. Hapa Mbozi chakula kipo. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo, ndizi zipo, parachichi linaanguka lenyewe mtini. Malori yanapakia hapa kwetu, yanakwenda Tunduma na mbele zaidi. Lakini hebu tuulizane: katika chakula chote hicho, kwenye sahani ya mtoto kinafika nini? Mara nyingi ni ugali mkubwa na mboga kidogo ya kuutelezesha. Tumbo linajaa, mtoto analala, na mwili wake unabaki na njaa ambayo hauisemi kwa sauti.

Njaa hiyo ina jina, inaitwa udumavu. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Anacheza, anacheka, mashavu yake yamejaa. Lakini ana miaka 4 na kimo chake ni cha mtoto wa miaka 3. Na kinachodumaa si miguu tu, na akili inachelewa. Darasani anahangaika, ukubwani kazi inamshinda kabla ya wenzake.

Sikilizeni hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka 2018 walipopimwa watoto wa chini ya miaka 5, mkoa wetu wa Songwe ulikuwa na zaidi ya watoto 4 waliodumaa katika kila 10. Mwaka 2022 nchi nzima ilipopimwa tena, wastani wa taifa ulikuwa watoto 3 katika kila 10. Na mikoa iliyokuwa juu kabisa ni ipi? Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa, karibu nusu. Jamani, hiyo ndiyo mikoa inayolisha taifa! Ni ndugu zetu wa nyanda za juu, wenye mvua kama sisi na mahindi kama sisi. Basi mavuno peke yake hayamkuzi mtoto.

Sasa mtauliza, mbona tunawaambia ninyi wa miaka 10 na 12, tusiwaambie mama zenu? Mama zenu tunawaambia, na leo wanasikia. Lakini msimu wa kahawa mama yuko shambani tangu alfajiri. Nani anabaki na mdogo wenu mgongoni? Nani anakoroga uji saa nne? Ni ninyi. Wataalamu wanasema udumavu unaingia katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofika miaka 2. Ukishapita hapo, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana. Basi sehemu ya siku hizo 1,000 iko mikononi mwenu ninyi wenye skafu shingoni.

MAKUNDI YA CHAKULA

Zamani kwenye kisomo walifundisha hivi: kuna chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Hiyo bado ni kweli. Siku hizi wameyapanga kwa makundi 6. Hesabuni kwa vidole, mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono wa pili.

La kwanza: nafaka, mizizi na ndizi za kupika. Hapa pana mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, viazi, mihogo, magimbi. Vinatia nguvu. Sasa angalieni sana. Mahindi, ulezi, mtama na mchele ni ndugu wa baba mmoja. Wapo wanaochanganya nafaka nne wakasaga, wakasema huu ndio unga wa lishe. Hapo umeita ndugu wanne wa nyumba moja, majirani hujawaita bado. Na ugali ukiukula na viazi, hapo bado uko kundi la kwanza tu. Tena dona ni bora kuliko sembe, maana kwenye kukoboa, kiini na ganda vinaondoka, na vitamini nyingi zinaondoka navyo.

La pili: jamii ya kunde, karanga na mbegu. Maharage, kunde, njegere, karanga, ufuta, mbegu za maboga. Vinajenga mwili. Protini ya mahindi ina upungufu fulani, na maharage ndiyo yanayouziba. Ndiyo maana ugali na maharage, chakula ambacho wengine wanakidharau, ni ndoa nzuri kabisa.

La tatu: vyakula vya wanyama. Nyama, maziwa, mayai, samaki, dagaa, na kumbikumbi pia wamo. Msiseme nyama ni ya matajiri. Kiganja cha dagaa kinatosha kubadili sahani, na dagaa ukimla mzima na mifupa yake unapata madini ya mifupa na meno. Zamani sehemu nyingi mama mjamzito alikatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa hana nywele. Hilo si kweli. Mama mjamzito ndiye wa kwanza kupewa yai.

La nne: mboga. Majani ya maboga, mchicha, mnafu, majani ya kunde, chainizi, karoti, maboga yenyewe. Hizi zinalinda. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi, na supu yake isimwagwe. Magadi msitie, yanaua vitamini.

La tano: matunda. Papai, embe, ndizi mbivu, chungwa, parachichi, pera. Pera mnalowaachia ndege lina vitamini C kulishinda chungwa la kununua. Na tunda likiliwa pamoja na mlo, au ndimu ikikamuliwa kwenye mboga, mwili unayanyonya vizuri madini chuma yaliyomo kwenye maharage na majani. Madini chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Wasichana wetu mnaovunja ungo, hili ni lenu hasa, maana damu inayotoka kila mwezi lazima irudishwe.

La sita: mafuta. Alizeti, karanga, parachichi. Ni kidogo tu, lakini vitamini A iliyo kwenye majani, karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa inahitaji mafuta ili iingie mwilini.

Hapo bado chumvi. Tumieni chumvi yenye madini joto. Nyanda za juu hizi zilikuwa zinajulikana kwa uvimbe wa tezi la shingo, kwa kuwa udongo wa milimani huwa na upungufu wa madini hayo. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, itiwe chunguni mwishoni.

MAMBO YA KUANGALIA

Chai na kahawa zisiliwe pamoja na mlo, zinazuia madini chuma. Kahawa ni fedha yetu, tunaiheshimu, lakini kwenye sahani ya mtoto haina kazi. Soda nazo, chupa moja ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari vijiko 7 au 8 vya chai. Mtu anauza mayai matatu asubuhi, jioni anamletea mtoto soda na biskuti kutoka Tunduma, anaona amempenda. Kumbe ameuza mifupa akanunua utamu.

Na mahindi na karanga zenye ukungu msile, wala msiseme tutasaga haitaonekana. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, yasianikwe chini kwenye udongo.

UJI WA MDOGO WENU

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi. Mkiachiwa mtoto wa namna hiyo, kazi yenu ni kumpeleka kwa mama shambani anyonye.

Akifika miezi 6 anaanza kulishwa. Uji uwe mzito, ukiuinua kwa kijiko usimiminike kama maji. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Tia karanga zilizokaangwa zikapondwa laini sana, au maziwa, au yai lililovurugwa na kuiva. Maharage yaondolewe maganda, yapondwe. Parachichi linapondwa kwa uma tu, kuni hazihitajiki. Alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na akifika miezi 9 iwe mara 3 au 4, na tunda katikati. Na kabla ya yote, mikono ioshwe kwa sabuni, maana kuhara kunakula chakula chote ulichomlisha.

YALIYOTOKEA IRINGA

Msidhani haya hayawezekani vijijini. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1988 huko Iringa serikali iliendesha mpango wa lishe pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakasomwa kijijini, wenyewe wakajadili: mtoto huyu kwa nini amepungua, na tufanye nini? Mwaka 1984 watoto wenye uzito pungufu walikuwa kama 56 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wenye hali mbaya kabisa walipungua kutoka 6 hivi hadi chini ya 2. Walichokuwa nacho ni mizani, daftari na kikao. Sasa Iringa hiyohiyo ndiyo tuliyoitaja hapo juu kwa mwaka 2022. Kipimo cha kimo si sawa na cha uzito, lakini fundisho tunaliona: kazi ya lishe ni kama palizi, hupalilii mwaka mmoja ukamaliza.

KAZI ZENU

Skauti huambiwa, uwe tayari. Basi tunawapa kazi tatu.

Kwanza, kila jioni hesabu makundi kwenye sahani yako. Yakiwa mawili, kesho tafuta la tatu, hata kama ni majani ya maboga ya nyuma ya nyumba.

Pili, kila skauti apande mipapai miwili na tuta moja la mboga, alimwagilie maji yaliyooshea vyombo. Mwalimu atapita kukagua.

Tatu, jua kadi ya kliniki ya mdogo wako iko wapi. Siku ya kupima mkumbushe mama. Mstari ukishuka, usinyamaze.

Na ninyi wazazi mliosimama pale nyuma, msidhani tumewasahau. Lori likija kununua maharage, kwanza pima ya nyumbani, hadi mavuno mengine, uyafungie. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Sisi wa Tawi tutaomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano wa ushirika na wa kijiji, na pamoja nalo tuombe hesabu ya watoto waliopimwa isomwe mbele ya watu, bila kutaja jina la mtoto, kama tunavyosoma hesabu ya kilo za kahawa. Kilo za kahawa kila mtu hapa anazijua kwa moyo. Za watoto nani anazijua?

Tumemaliza. Nendeni mkale, na mkifika nyumbani anzeni kuhesabu.



Katibu wa Tawi,
Igamba.