Majina Ishirini kwenye Daftari



Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kuanzisha chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho. Wanajeshi, polisi na askari magereza hawamo. Mhudumu wa hoteli, mlinzi na mfanyakazi wa nyumbani wamo.

Kuanzisha chama kunahitaji mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Kisha, ndani ya miezi sita, maombi yanapelekwa kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi yakiwa na katiba, muhtasari wa mkutano na nakala ya daftari la mahudhurio. Hapo kwenye daftari ndipo wengi hukwama. Mtu ameunga mkono kila hoja, lakini kalamu ikimfikia anakumbuka kodi ya chumba na ada ya mtoto, anaipitisha kwa mwenzake. Simlaumu hata kidogo. Anajua nani anapanga zamu na nani anasaini mikataba.

Ndiyo maana naziheshimu asasi zisizo za kiserikali, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zinazotoa msaada wa kisheria bila malipo. Zitakueleza sheria na kukusindikiza unapodhulumiwa. Ila haziwezi kujadiliana mishahara badala yenu. Nguvu hiyo ni ya chama kilichosajiliwa, chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika. Mwajiri analazimika kukitambua.

Haikuwa hivyo siku zote. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, wakaunda chama chao. Baada ya mgomo wa 1950 serikali ya kikoloni ikakivunja. Wewe una kinga ambayo wao hawakuwa nayo. Kukuachisha kazi kwa sababu wewe ni mwanachama ni kinyume cha sheria.

Hilo likikupata, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Beba barua na hati ya mshahara. Meneja akikuambia suala lako litaangaliwa mwezi ujao, usimsubiri; siku zinahesabiwa. Na kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, nenda hivyo hivyo. Mkibishana juu ya masharti ya ajira, mwenye wajibu wa kuyathibitisha ni mwajiri aliyeshindwa kuuonyesha mkataba huo.