Vikombe Viwili vya Maji: Kumtazama Mtoto Anapofikiri

Mada iliyosomwa Chimwaga mbele ya walimu wa elimu ya awali, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi. Inachapishwa hapa kwa ufupisho mdogo.



Nimeombwa nieleze namna mtu asiye na vifaa vya maabara anavyoweza kutambua jinsi mtoto mdogo anavyofikiri na kukua. Nashukuru kwamba nimeombwa kulieleza jambo hili hapa, mahali ambapo chuo kikuu na zizi la mbuzi vinatazamana, kwa maana kazi ninayokusudia kuieleza inahitaji yote mawili: elimu ya vitabu na macho ya mchungaji.

Nianze na maji. Chukua vikombe viwili vinavyolingana, uvijaze maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka minne, na umwulize kama maji yanalingana. Atasema ndiyo. Kisha, akiwa anatazama, mimina maji ya kikombe kimoja katika bilauri ndefu na nyembamba. Mwulize tena. Walio wengi katika umri huo watasema kuwa maji ya bilauri ni mengi zaidi, kwa kuwa yamepanda juu. Ukiyarudisha kikombeni, watakubali kuwa yanalingana kama mwanzo, wala hawataona kuwa wamejipinga. Mrudie mtoto huyo huyo akiwa na miaka saba, naye pengine atakucheka kwa kuuliza swali la namna hiyo.

Aliyelifanya zoezi hili lijulikane duniani ni Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980. Akiwa kijana alifanya kazi Paris na mitihani ya kupima akili za watoto, akajikuta anavutiwa na majibu yaliyokosewa kuliko yaliyopatiwa. Aligundua kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja. Kwa hiyo kosa la mtoto halikuwa takataka ya kufutwa kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa ni dirisha. Ningetamani kila mwalimu wa awali alikumbuke hilo kabla hajapiga alama ya mkasi katika daftari.

Zoezi hilo lina ndugu zake, na yote yanawezekana kwa vitu tulivyo navyo. Panga karanga sita katika mstari na nyingine sita mkabala nazo. Kisha sogeza za mstari mmoja ziachane, uulize wapi ziko nyingi. Kwa mtoto mchanga wa miezi minane au tisa, funika kijiko kwa kitambaa mbele ya macho yake, uone kama atakifunua kukitafuta au ataona kwamba kilichofichika hakipo tena. Kwa wa miaka mitano, mpe udongo wa kichuguu uliolowanishwa afinyange mtu au ng'ombe, ukae kimya utazame anaanza na nini, anasahau nini, anarekebisha nini bila kuambiwa.

Lakini hapa, Ndugu Mwenyekiti, ndipo penye shida, nami nitakaa hapa kidogo. Zoezi jepesi si lazima liwe pimo jepesi.

Katika miaka ya 1960 Patricia Greenfield alilipeleka zoezi la maji Senegali, kwa watoto wa Kiwolofu, baadhi yao wakiwa hawajaingia shule. Alipowauliza wasiosoma, "Kwa nini unadhani maji haya ni mengi zaidi?", walinyamaza. Alipobadili swali na kuuliza, "Kwa nini maji haya ni mengi zaidi?", walijibu. Tazameni tofauti hiyo ilivyo ndogo. Swali la kwanza humtaka mtoto azungumzie mawazo yake kana kwamba ni kitu kilichotengana na maji. La pili linauliza habari za maji. Tena, baadhi ya watoto walidhani maji yameongezeka kwa sababu mgeni ndiye aliyeyamimina, kana kwamba mkono wake una uwezo fulani. Walipopewa wamimine wenyewe, dhana hiyo ikatoweka, na waliopata jibu wakaongezeka.

Nchini Uskochi, katika miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson waliona jambo linalofanana na hilo. Mstari wa vitu ulipovurugwa na mtu mzima kwa makusudi, watoto wengi walisema idadi imebadilika. Ulipovurugwa na mwanasesere mtundu aliyejitokeza "kuharibu mchezo", wengi zaidi walisema idadi ni ile ile. Sababu yake sisi tunaielewa pasipo kwenda Uskochi. Mkubwa akikuuliza jambo moja mara mbili, mtoto mwenye adabu hudhani kuwa jibu lake la kwanza lilikuwa baya, akalibadili kwa heshima.

Na majirani zetu wa Kenya? Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, katika miaka ya 1970, wakaandika kwa nini watoto wa huko walikuwa vigumu kupimwa. Mtoto aliyeketishwa mbele ya mtu mzima asiyemzoea na kutakiwa kusimulia hadithi aliyotoka kuisikia alinyamaza au alisema machache mno. Nyumbani alikuwa amefunzwa kusikiliza maagizo na kuyatekeleza. Hakufunzwa kumweleza mkubwa jambo ambalo mkubwa mwenyewe analijua tayari. Je, watoto wetu wa Ugogoni ni tofauti? Mjukuu akimwona mgeni ukumbini, hujibanza nyuma ya kanga ya bibi yake. Kisha tunaandika kwamba hawezi kujieleza.

Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Zambia, aliwataka watoto wa Lusaka na wa Manchester wafanye kazi ile ile ya kuiga umbo, ila kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi wa Manchester walishinda. Kwa waya wa Lusaka walishinda, kwani huko, kama hapa kwetu, wavulana hujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo hapakuwa na tofauti, maana udongo ulikuwa mchezo wa wote. Mtaalamu huyo huyo aliwauliza wazee wa vijiji vya Wachewa, mashariki mwa Zambia, ni mtoto gani wangemchagua kumtuma kazi fulani, na kwa nini. Majibu yao yalionyesha kuwa akili kwao haikuwa werevu peke yake. Ilibeba pia neno tumikila, yaani kutumika kwa uaminifu. Sikio la Mswahili linalitambua neno hilo bila mkalimani.

Nisije nikaeleweka kwamba nawakejeli wapimaji wa mbali na kujitoa mimi. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, nilipokea mtoto wa miaka sita hivi. Nilimpa kadi za picha, nikamwuliza rangi, hesabu na majina ya vitu, nikiwa nimesimama nyuma ya dawati lake ili nisimtishe. Hakujibu, au alijibu lisilohusika. Niliandika neno moja katika daftari la mahudhurio: mzito. Neno hilo lilimfuata mwaka wa pili, akarudia darasa, na kabla mwaka haujaisha akaacha kuja. Nilikutana na mama yake mnadani baada ya muda mrefu. Akaniambia, bila lawama, kwamba masikio ya mwanawe yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, na hakusikia vema hata kidogo mtu anaposemea nyuma yake. Machungani alikuwa hodari. Alimtambua mbuzi aliyepotea kabla ya wenzake kumaliza kuhesabu. Nami nilikuwa na kadi za picha ishirini, lakini sikufanya zoezi moja lisilogharimu kitu: kumwita jina kwa sauti ya kawaida akiwa amenipa kisogo, nione kama atageuka.

Kwa hiyo namwogopa mwalimu anayemhukumu mtoto kwa zoezi moja, na vile vile namwogopa jirani anayesema, "Mwacheni, kila mtoto ana wakati wake." Maneno hayo ni ya kweli hadi mahali fulani tu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa mipaka ya umri wa kufikia hatua za mwili. Karibu watoto wote walikuwa wameketi bila kuegemezwa ifikapo miezi 9 na siku chache, na walikuwa wametembea wenyewe kabla ya kutimiza miezi 18. Mtoto aliyevuka mipaka hiyo hahitaji jina la kubandikwa. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya, na mapema. Aidha, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wana udumavu. Kabla ya kusema kuwa mtoto hajali mchezo wako wa karanga, uliza alikula nini asubuhi. Katika miezi ya Januari na Februari, kabla mavuno hayajaja, swali hilo lina jibu gumu katika nyumba nyingi za mkoa huu.

Habari njema ni kwamba kazi ya kutengeneza vipimo vinavyotutosha imekwisha kuanza katika ukanda wetu. Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha miondoko ya mwili na ushirikiano wa jicho na mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Malawi walichapisha chao mwaka 2010, baada ya kuwaangalia watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, na wakayaondoa maswali yasiyofaa mazingira yao. Hapa Tanzania, karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya utaratibu ambao kwangu mimi ndio wa haki kuliko yote, ingawa ulihusu watoto wakubwa zaidi wa shule ya msingi. Mtoto alipimwa, akafundishwa kwa muda mfupi namna ya kukabili kazi ile, kisha akapimwa tena. Alama ziliongezeka, na kipimo cha pili kilieleza uwezo wa mtoto vizuri zaidi kuliko cha kwanza. Alichojua mtoto jana kilikuwa na uzito mdogo kuliko alichokipokea leo alipoonyeshwa.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazitaka sekta za afya, lishe, malezi, ujifunzaji na ulinzi zifanye kazi pamoja. Katika kata zetu maana yake, kwa lugha nyepesi, ni kwamba mwalimu wa awali na mhudumu wa afya wajuane kwa majina. Mwalimu humwona mtoto siku tano za wiki lakini haioni kadi yake ya kliniki. Mhudumu huiona kadi lakini hamwoni mtoto akicheza.

Naomba basi mambo machache, wala hayahitaji bajeti. Mtoto afanye zoezi akiwa na mtu anayemzoea, na kwa lugha ya nyumbani kwake, iwe Kigogo, Kirangi au Kiswahili. Amimine maji mwenyewe. Asipoweza, aonyeshwe, kisha apewe tena siku nyingine. Sauti na macho vitazamwe kabla ya akili. Na katika daftari tuandike alichofanya, tusiandike alivyo. "Amehesabu karanga nne, akaruka ya tano" ni taarifa itakayomsaidia mwalimu ajaye. "Mzito" si taarifa. Mimi niliyewahi kuiandika najua ilimgharimu nani.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na ndoo ya maji, vikombe, bilauri moja ndefu na kilo ya karanga. Watoto wa majirani wako chini ya mti pale nje pamoja na mama zao. Wameahidiwa kuzila karanga baada ya kuzihesabu, nao wamekwisha kutuma mmoja wao, mdogo kuliko wote, kuja kuuliza kama tumemaliza kusema.