Nani anashika swichi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, Kindu

Asanteni kwa kufika, zaidi ninyi wa Alunguli mliovuka mto. Tunajua pirogi hailipwi kwa makofi.

Tuliombwa tuseme juu ya kazi. Wengi wetu hapa tuna lisensi ya sayansi ya siasa. Ukisema hivyo nyumbani, shangazi anauliza: basi utakuwa depite mwaka gani? Hapana, mama. Mwanasiasa anatafuta kiti. Sisi tulisoma kuchunguza nani alilipia kile kiti. Shida ni kwamba kazi hiyo Kindu hailipwi, ndiyo maana wengine wetu tunauza unite barabarani na diploma iko chini ya godoro.

Leo tumeleta mfano wa mtu mmoja: Jean-Claude Willame, Mbeleji, aliyekuwa profesa wa sayansi ya siasa huko Louvain. Miaka ya 1960 alichunguza zile provensi ndogo zilizozaliwa hapa kwetu nyuma ya uhuru. Mwaka 1972 akatoa kitabu Marekani juu ya wakubwa wa Kongo wanaoshika serikali sawa vile mali ya nyumba yao. Halafu akageukia umeme. Mwaka 1986 alitoa kitabu kizima juu ya Inga, na kwenye kichwa chake aliweka neno "prédation": uwindaji, unyang'anyi.

Hapa tukae kidogo, sababu njo kiini.

Inga ya kwanza ilianza kutoa umeme 1972, megawati 351. Ya pili 1982, megawati 1,424. Kisha wakavuta waya karibu kilomita 1,700, kutoka Bas-Congo mpaka Kolwezi. Jiulizeni: sababu gani? Katanga ilikuwa na mabwawa yake tangu wakati wa Wabeleji: Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Kama mashimo ya shaba yalitaka umeme zaidi, kulikuwa na maji karibu.

Injinia atakujibu kwa hesabu. Mwanasayansi wa siasa anauliza swali lingine: nani anashika swichi? Katanga ilijitenga tangu Julai 1960 mpaka Januari 1963, na Mobutu hakusahau. Wachunguzi wengi wameandika kwamba ule waya ulikuwa pia kamba: mashimo yakinywa umeme wa Inga, Katanga haiwezi tena kuondoka bila kuzima taa zake yenyewe. Kamba yenyewe haikuleta amani. Waya ungali unajengwa, waasi waliingia Shaba 1977, na 1978 wakaingia Kolwezi yenyewe. Kampuni za nje ziliuza mashine, benki zikakopesha, na deni likabaki kwa mama anayeuza pondu. Vijiji vinavyolala chini ya ule waya vilibaki gizani, kwa kuwa umeme wa namna ile hauchotwi njiani. Unabadilishwa kule mwanzo na kule mwisho tu.

Tulipopata haya kwa mara ya kwanza, tulikuwa tunachaji simu kwenye grupu ya jirani, kwa pesa. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Willame hakuishia hapo. Aliandika juu ya Lumumba 1990, juu ya vita na vitambulisho vya Kivu 1997, na 2007 juu ya wale wanaojiita watengeneza-amani wa Kongo. Wengine wataona ni mtu aliyerukaruka. Sisi tunaona swali moja likitembea miaka arobaini: mamlaka yanakaa wapi kweli, na nani anafaidi?

Sasa neno lenye kuuma. Kitabu hicho juu ya Inga kiliandikwa na Mbeleji. Hatumkasirikii. Lakini pale Kalima, mtoni Lutshurukuru, kuna kituo cha umeme kilichojengwa kwa ajili ya mashimo ya kasiterite. Nani kati yetu ameandika hata kurasa thelathini juu yake? Nani alipata umeme kwanza, nani mwisho, nani anakula pesa ya mafuta ya grupu kila usiku hapa mjini? Tuliandika memwari juu ya Umoja wa Mataifa, sababu vitabu vyake vilikuwa maktabani.

Na msidhani ni kazi ya raha. Mwenzetu mmoja alipata mkataba wa miezi mitatu kuhesabu nyumba zenye umeme. Alipoleta hesabu, mukubwa wake akamwambia: ongeza kidogo, ripoti ipendeze. Alikataa, akarudi nyumbani. Mama yake anatuuliza mpaka leo kama ni sisi tuliomfundisha kichwa ngumu. Hatujui tumjibu nini, sababu ile pesa ilikuwa ilipe masomo ya mdogo wake. Tusimfanye shujaa, kazi hana bado.

Ile hesabu yake ya kweli, hata hivyo, iko kwenye daftari lake, na amekubali tuiendeleze. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza Mikelenge, nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Tunauliza mambo manne tu: umeme unatoka wapi, siku ngapi kwa juma, bei gani, na nani anapokea pesa. Majina ya watu hatuandiki. Wa Alunguli, chagueni wenu wawili kabla hamjavuka, na mlete kalamu, daftari tunazo.