Uchaguzi wa Juja na Maoni ya Watu juu ya Rais

Katika mwezi wa Mei 1909 alifika Juja mgeni mashuhuri, Bwana Theodore Roosevelt, ambaye hadi mwezi wa Machi mwaka uleule alikuwa Rais wa Marekani. Alikaribishwa shambani kwa Mmarekani mwenzake, Bwana McMillan, akawinda wanyama, kisha akashika njia yake. Siku zile hata huko Marekani hapakuwa na njia ya kujua raia walimwonaje Rais wao, ila kusoma magazeti, kupokea barua na kungojea uchaguzi.

Ilikuwa mwaka 1935 ambapo Bwana George Gallup alianzisha kazi ya kuuliza watu wachache, waliochaguliwa kutoka kila tabaka, ili majibu yao yaonyeshe nia ya wengi. Rais Truman alikubaliwa na watu 87 katika kila 100 mwaka 1945. Ilipofika Februari 1952 walibaki 22. Lakini kipimo hiki nacho huweza kukosea. Mwaka 1948 Gallup alitangaza kwamba Truman angeshindwa, naye akashinda, kwa kuwa waulizaji waliacha kuuliza mapema mno na watu wakabadili nia.

Katika Kenya kazi hiyo hufanywa na makampuni kama Infotrak na TIFA, na sheria ya 2012 huwataka watangaze ni nani aliyelipa gharama, ni watu wangapi walioulizwa, na kwa njia gani. Bahati mbaya ni kwamba Kiswahili huiita kazi hii “kura ya maoni”, jina lilelile la kura ya kubadili Katiba, hata msikiaji akadhani taifa zima limepiga kura, kumbe wameulizwa watu elfu moja au mbili tu.

Basi turudi Juja. Mbunge wa jimbo hilo, Bwana Francis Waititu, alifariki Februari 2021, na uchaguzi mdogo ukawekwa tarehe 18 Mei. Wakati huo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akitaka Katiba ibadilishwe kwa mpango uliojulikana kama BBI, ambao ungeleta cheo cha Waziri Mkuu na majimbo mapya 70. Bunge lilikwisha kuupitisha, lakini tarehe 13 Mei, siku tano tu kabla ya kura ya Juja, Mahakama Kuu iliusimamisha. Chama cha Rais, Jubilee, kilimsimamisha mjane wa marehemu, Bibi Susan Njeri. Bwana George Koimburi alisimama kwa chama cha PEP, akisaidiwa na Bwana Moses Kuria, aliyekuwa Mbunge wa Gatundu Kusini, nyumbani kwa Rais mwenyewe.

Kuhesabu kura kulivurugika usiku, kukaendelea baadaye. Koimburi alipata kura 12,159, Bibi Njeri 5,746. Siku hiyohiyo Jubilee ilishindwa pia Bonchari na katika wadi ya Rurii. Wengi walisema mara moja kwamba watu wa Kiambu wamemhukumu Rais wao pamoja na mpango wake.

Yafaa kuwa na hadhari hapo. Kura za wagombea hao wawili hazikufika 18,000, na jimbo lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 100,000. Nia ya wale waliobaki majumbani, toka Kalimoni hata Witeithie, haikupimwa na mtu. Tena sanduku la kura halielezi sababu: karatasi ya aliyechukia BBI na karatasi ya aliyetaka maji au barabara ni sawasawa. Mwulizaji mwenye adabu angeweza kuwatenganisha watu hao wawili.

Hata hivyo dalili ile haikuwa ya bure. Machi 2022 Mahakama ya Juu iliukataa mpango wa BBI, na mwezi wa Agosti watu wa Kiambu wakampa Bwana William Ruto kura nyingi kuliko Bwana Raila Odinga, aliyeungwa mkono na Rais Kenyatta.

Ruto naye alikuja kupimwa, safari hii si kwa sanduku wala kwa maswali. Tarehe 25 Juni 2024 Wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha uliokuwa na kodi mpya. Siku hiyo vijana waliingia Bungeni kwa nguvu, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.