Sifuri Isiyo Kweli

Somo: Luka 19:1–10



Asubuhi ya leo tumwangalie yule mtu mfupi aliyepanda mkuyu. Tangu mwaka 2023 jina la Zakayo limekuwa mzaha katika nchi yetu ya Kenya. Likitajwa ndani ya matatu watu hucheka, maana wote hukumbuka kodi. Lakini wengi wetu tunamwacha Zakayo pale mtini. Hatufiki pale aliposimama mbele ya watu akatoa hesabu yake.

Yuko mama mmoja huku Gatongora, Ruiru, fundi wa kushona na mshiriki mwaminifu. Desemba ya mwaka 2024, Jumapili ya shukrani, alisimama kanisani akashuhudia. Mungu amempa kazi mwaka mzima. Ameshona sare za shule, amelipa karo ya watoto, na amenunua cherehani ya pili. Sote tukasema Amina.

Ikafika Juni. Mama akaenda saiba kufaili ritani ya kodi. Kijana akamwuliza, "Mama, umeajiriwa?" Akajibu, "La, najifanyia kazi." "Basi tuweke sifuri tu." Kwa dakika chache alitoka na karatasi iliyosema kwamba mwaka ule wote hakupata hata senti moja.

Jioni alikuja kwangu. "Mchungaji," akaniambia, "karatasi hii yanisumbua. Desemba nilimshukuru Mungu kwa vingi. Juni nimeandika kwamba hakunipa kitu."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Ni wangapi kati yetu tuna shuhuda mbili za mwaka mmoja, moja ya kanisani na moja ya serikalini?

Nikamwambia, "Mama, lete daftari lako." Tukaketi tukajumlisha. Mauzo ya mwaka 2024 yalikuwa shilingi 600,000. Vitambaa, uzi, pango la chumba na stima vilikula 330,000. Kodi ya mapato ya fundi kama yeye hutozwa kwenye faida, si kwenye kila shilingi iliyopita mkononi. Faida yake ilikuwa 270,000. Kwa mwaka ule shilingi 288,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, basi kodi yake ikawa 27,000. Lakini sheria ilimpa pia nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Nafuu ikameza kodi yote.

Mama akanitazama. "Kwa hiyo sikudaiwa kitu?" Kodi ya mapato, hakudaiwa. Alikuwa amesema uongo ili aepuke deni ambalo halikuwapo. Yako makato mengine, ya nyumba na ya afya, nayo yana hesabu yake. Lakini hofu ilimfanya afiche hata kile ambacho hakikuwa na haja ya kufichwa. Ndivyo hofu ifanyavyo, wapendwa.

Wiki ile tulikwenda ofisi ya KRA mjini Thika. Mfumo wa iTax huruhusu kusahihisha ritani, naye akaisahihisha.

Sasa, ewe unayejifanyia kazi, fundi, muuza mboga, mwenye bodaboda, sikiliza. Mwaka wa hesabu huanza Januari na kuisha Desemba, na ritani hutakiwa kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata kwisha. Mtu binafsi akichelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Ritani ya sifuri ni halali kwa yule ambaye kweli hakupata kitu. Mwenye mauzo yaliyopita milioni 1 kwa mwaka bila kuzidi milioni 25 ana njia nyingine: tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, nayo hutolewa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, sheria iliyoanza Januari 2024 iliweka asilimia 7.5 ya kodi unazopokea, kama zapita shilingi 288,000 kwa mwaka. Andika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Dai risiti ya eTIMS unaponunua, na uzitunze kwa miaka 5.

Najua neno lililo moyoni mwako. "Mchungaji, kodi ni nzito, na fedha zaibiwa." Sitakukemea. Neno la leo ni lao pia wanaokusanya na wanaotumia, maana Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru. Anayekula fedha za umma naye atatoa hesabu. Pigia kelele wizi huo mchana, na uombe haki. Lakini wizi wa mwingine haufanyi uongo wangu kuwa kweli.

Tena, mwenye faida kubwa kuliko mama yule atalipa, na atasikia uchungu mfukoni. Kweli si bure siku zote. Zakayo ilimgharimu nusu ya mali yake, na kwa kila aliyemdhulumu alirudisha mara nne. Angalieni hapo. Mtu asiyejua hesabu yake hawezi kurudisha mara nne, atasema tu, "Nisameheni, niliwakosea." Zakayo alijua tarakimu zake. Wala hakulazimishwa na askari. Bwana aliingia kwanza nyumbani mwake, kisha vitabu vikafunguliwa.

Mpendwa, kama Bwana ameingia nyumbani mwako, je, lile daftari la dukani amekwisha kuliona?

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe unajua kila shilingi uliyotupa. Utuondolee hofu inayotufundisha uongo. Uwape viongozi wetu mikono safi. Na ushuhuda wetu wa Desemba na wa Juni uwe mmoja. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.